Siku moja kwenye malewa yangu, mgahawa mdogo wa Lubumbashi, pua ikiwa haisikii

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kuwasha mbabula, jiko langu la mkaa, nafungua vichupa vinne: karafuu, ganda la limau, majani ya mkaratusi na mafuta ya waridi. Navuta kimoja kimoja, polepole, huku nikijitahidi kukumbuka harufu yake ya zamani. Zoezi hili lilijaribiwa na Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, Ujerumani, wakalichapisha mwaka 2009: harufu nne, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Seli za kunusa huzaliwa upya, hapo ndipo penye tumaini. Leo karafuu imenijia, hafifu lakini ni yenyewe. Waridi bado.

Saa 12 na nusu niko soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi. Wenzangu wananusa samaki, mimi namkagua kwa macho na vidole. Jicho liwe angavu na limejaa, matamvua mekundu, na nyama nikiibonyeza irudi juu. Bitoyo, samaki wa chumvi, siwezi kuwachagua peke yangu, kwa hiyo msaidizi wangu, mtoto wa kaka yangu, ananinusia.

Saa 2 sombe, majani ya muhogo, iko motoni. Hapa nieleze, maana kila siku naulizwa: mama, unapikaje kama ulimi umekufa? Ulimi haujafa. Baada ya mafua makali nilipoona chakula chote ni kama karatasi, munganga wa pua na masikio alinionjesha sukari, chumvi, limau na kitu kichungu. Vyote nilivitambua. Ulimi unajua mambo matano tu: utamu, chumvi, ukali wa ndimu, uchungu, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Kinachotofautisha sombe na matembele ni harufu inayopanda puani kwa nyuma ya koo tunapotafuna. Bana pua, tafuna kipande cha embe, halafu achia. Utaona.

Wengi wanaosema wamepoteza ladha wamepoteza kunusa. Ulimi wenyewe kufifia kupo pia: dawa kama metronidazole huacha ladha ya chuma mdomoni, captopril nayo huweza kuvuruga ladha, kuna kinywa kukauka, upungufu wa zinki, mionzi ya kutibu saratani ya kichwa na shingo. Usiache dawa kwa sababu hiyo, lakini mwambie aliyekuandikia.

Chumvi naipima kwa kijiko kilekile kwa sufuria ileile, kisha msaidizi anaonja. "Mama, imetosha," anasema, nami namwamini.

Saa 6 mchana bukari, ugali wetu, inatoka na benchi zinajaa. Papa mmoja mzee anadai chumvi kila siku. Uzee hupunguza kunusa, hilo nalijua, lakini presha anayo, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku. Namwekea limau na pilipili. Pilipili husafiri kwa mshipa mwingine wa fahamu, hata mimi inanichoma vizuri, na papa anakula akifurahi.

Mwanafunzi mmoja tangu alipougua Korona anasikia kahawa na vitunguu vya kukaanga kama uozo. Marafiki wanamcheka, jambo linaloniudhi sana. Hiyo ni hali inayojulikana, na mara nyingi hutokea pua inapokuwa inajirudisha. Nampa wali na maharagwe yasiyo na kitunguu, amekaa mbali na kikaango changu.

Saa 9 msaidizi anaenda kununua makala, yaani mkaa. Nikiwa peke yangu sitoki jikoni: simu naitegeshea kengele kwa kila sufuria, maana sombe ikiungua mimi sitajua. Mlango unabaki wazi hata ikinyesha. Kaboni monoksidi ya makala haina harufu kwa mtu yeyote, mwenye pua nzima na asiye nayo.

Saa 12 jioni nakula. Nilipenda munkoyo kuliko kinywaji chochote. Sasa nasikia baridi yake na uchachu wake, basi. Kuna jioni machozi hutoka. Watu hudhani ni jambo dogo kwa kuwa haliui, lakini mtu asiyesikia harufu ya mtoto wake mwenyewe ana msiba.

Saa 1 usiku mdogo wangu anapiga simu. Mwanawe alianguka na pikipiki, kichwa kikagonga lami. Jeraha limepona ila hasikii harufu ya chochote. Namweleza kwamba pigo la kichwa huweza kukata nyuzi nyembamba za kunusa pale zinapopita kwenye mfupa juu ya pua, na kwamba asikubali kuambiwa ni uvivu wa kula wala uchawi. Jumatatu tunaenda naye kwa munganga. Msaidizi atabaki na sufuria. Nimeshamwonyesha kijiko cha chumvi.