Mtoto wa gredi 2 hana namba, ana kusoma

Muhula ukifungwa tu grupu la wazazi linawaka moto, na swali ni lile lile la miaka yote, wako amekua wa ngapi? Sasa mtoto wa gredi 2 atakuaje wa ngapi na hiyo ripoti haina namba, ina EE, ME, AE na BE, yaani amezidisha matarajio, ameyafikia, ayakaribia ama bado yuko mbali. CBC, huu mtaala mpya wa Kenya, ilianza nchi nzima 2019 na hawa hawa wadogo, lakini sisi tulosomea mfumo wa zamani wa 8-4-4 roho haitulii mpaka tuone asilimia. Babu yake wanangu akionyeshwa ME auliza, "hiyo ni ngapi kwa mia?"

Mimi kwa gredi 1 mpaka 3 naangalia kitu kimoja kabla ya vyote, mtoto yuwaelewa anachosoma? Na kwa lugha gani? Manake masomo yenyewe si mengi, yamepunguzwa, kuna Kiswahili, Kiingereza, lugha ya kienyeji, hesabu, dini, mazingira na sanaa basi. Lakini yote hayo, hata hesabu, yapitia kwenye kusoma.

Chukua hesabu. Gredi 1 wanahesabu mpaka mia, wanajumlisha na kutoa, wakifika gredi 3 wako kwenye elfu moja na kuzidisha ishaanza. Sasa mpe mtoto wa Kisauni hapa Mombasa shilingi mia umtume mahamri ya sitini, akirudishiwa thalathini hapo dukani hatoki, atasimama na muuza duka mpaka kumi yake ipatikane. Mtoto huyo huyo mpe swali la kutoa lilioandikwa mistari miwili ya Kiingereza akodoa macho, na ripoti yaja hesabu AE. Msomee swali lile kwa Kiswahili ajibu papo hapo. Je hapo shida ni hesabu kweli? Usimtafutie tyusheni ya hesabu bure ndugu yangu, mtoto kakwama kwa lugha.

Na wala si mimi nlotunga hilo, sera ya elimu yenyewe yasema gredi 1 mpaka 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo wanalotoka, na hapa Mombasa mjini lugha hiyo ni Kiswahili, hakuna ubishi. Lakini shule nyingi za kulipia ni Kiingereza tangu bebi klasi, tena wazazi ndio tunaoitisha, mtoto akisema sentensi mbili kwa pua mbele ya wageni tushajua tumepata daktari. Simpingi mtu kumtakia mwanawe Kiingereza, naye atakihitaji, lakini kuna tofauti ya kujifunza Kiingereza na kujifunza kila kitu kwa Kiingereza ukiwa na miaka saba.

Sasa kusoma kwenyewe kwapimwaje. Mradi wa Tusome, wa kuwafunza watoto wadogo kusoma, ulipoanza kwenye shule za serikali 2015, kipimo cha mtoto anaesoma vizuri kilikua maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza na 45 kwa Kiswahili. Wengi wakisikia hivo wadhani Kiswahili kimeshushwa, la, ni vile maneno yetu ni marefu, "hawakumwambia" ni neno moja tu kwa kuhesabu, kwa Kiingereza ni maneno matano, "they did not tell him". Kwahivo usichukue saa ukamlinganisha mtoto kwa lugha mbili kisha ukasema Kiswahili chake ni dhaifu.

Halafu kasi si kuelewa, na hili watu wa Pwani tunalijua kuliko wengine. Watoto wetu wakitoka shule wako madrasa, mtoto akusomea Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Kurani, bila kukwama na maana hajui hata aya moja, na huko si kosa, maana atafunzwa mbele. Lakini hadithi ya kitabu cha shule akiisoma hivo hivo hapo hajafika. Mwache asome ukurasa, funga kitabu, muulize nani alifanya nini na kwa nini. Akianza kuangalia dari, ushajua.

Mazingira na sanaa sina maneno mengi, kunawa mikono, maji safi, taka, kuimba, kukimbia, kusuka, ni vitu vizuri na wanavipenda. Ila tuache kuwafanyia, mtoto kaambiwa alete kitu alichosuka, mama mbio soko la Marikiti kununua mkeka wa ukili uliomalizwa na fundi, kesho ticha aandika EE. EE ya nani?

Ukienda kuchukua ripoti na mtoto ana AE ya lugha, usigombane na ticha wala usimgombeze mtoto njia nzima kwa tuktuk. Muulize ticha ni wapi hasa, ni herufi, ni kasi ama ni kuelewa, manake kila moja ina dawa yake. Kama ni herufi, rudieni sauti zake dakika chache kila siku baada ya chai ya jioni, kama ni kasi asome ukurasa ule ule mara kadhaa mpaka ulimi uzoee, na kama ni kuelewa kaa nae mkizungumze hicho kitabu kwa Kiswahili, hata kama kimeandikwa Kiingereza.