Siku Moja Valletta, Bila Basi la Watalii

Kazi yangu hapa Moshi ni kuendesha wageni, na nimezoea kumwona mtu akishuka garini kwenye maporomoko ya maji ya Materuni huku tayari anaangalia saa, kwa sababu mchana huohuo anatakiwa awe ameogelea kwenye chemchemi ya Chemka na jioni awe amerudi mjini kununua kahawa. Ndiyo maana dada yangu anayeishi Italia aliponialika tupande meli ya kitalii inayozunguka Bahari ya Mediterania, nilimwomba jambo moja tu: angalau bandari moja tushuke bila ratiba ya mtu. Tukaichagua Valletta, mji mkuu wa Malta.

Meli ilifunga gatini saa mbili asubuhi. Abiria wengi waliwahi mabasi ya ziara. Sisi tulikunywa chai ya pili, tukangoja foleni ipungue, kisha tukashuka. Mji huo, ulioanzishwa mwaka 1566, umekaa juu ya mwamba, lakini ipo lifti inayokupandisha mita 58 kutoka upande wa bandari hadi bustani ya Upper Barrakka. (Materuni hakuna lifti, na wageni wangu hunikumbusha hilo kila tunapopanda kilima kurudi.)

Bustanini tulikaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile. Chini yetu ilikuwa Bandari Kuu, ng'ambo yake ngome ya St Angelo, na katikati zilipita boti ndogo za rangi ambazo wenyeji huziita dgħajsa. Nilikuwa nimeshika kikombe cha kahawa, nikijaribu kukisia boti ipi itatangulia kufika ng'ambo, mzinga ulipolia hapo chini. Kumbe hupigwa kila siku saa sita mchana na tena saa kumi jioni, na dada alilijua hilo fika. Kahawa yote ilimwagikia suruali yangu, naye alicheka hadi akalazimika kukaa chini.

Njaa ilitupeleka kwenye kibanda cha pastizzi, vitafunwa vya unga wenye tabaka nyembamba vinavyojazwa jibini laini au njegere, ambavyo ukivila vya moto vinakukumbusha sambusa ingawa mafuta yake ni mengi zaidi. Muuzaji alikuwa akimhesabia mama aliyetutangulia, nami nikasikia wazi: “sitta, sebgħa…” Nikamalizia kwa sauti, “nane, tisa!” Nane yangu haikufanana na yake hata kidogo, lakini tisa yao ni disgħa, na hapo akatabasamu. Kimalta huandikwa kwa herufi za Kilatini, ila kimetokana na Kiarabu, na kwa hiyo bahari kwao ni baħar na soko ni suq. Hakuna kitabu cha wasafiri kilichoniandaa kwa furaha ile.

Kanisa la Mtakatifu Yohane, lenye mchoro mkubwa wa mchoraji Mwitaliano Caravaggio wa mwaka 1608, tuliliona kwa nje tu kwa sababu ya foleni. Sijutii sana. Labda kidogo.

Tulirudi melini saa nzima kabla ya muda uliowekwa, maana mimi dereva najua uchungu wa kumngoja mgeni aliyechelewa, na meli haina huruma kama yangu. Wakati wa chakula cha jioni, bwana mmoja aliyeshinda kutwa kwenye basi alituuliza tumeona vivutio vingapi.

“Mdogo wangu, mweleze,” dada akasema.

Nikamwonyesha doa la kahawa.