Mradi wa nyatiti: sasa simu moja inatazama mguu

Video nyingi za nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, mtandaoni zinamkata mpigaji kiunoni. Unaona uso, unaona vidole, basi. Mzee ninayemrekodi huku Ahero, karibu na Kisumu, nilipomwonyesha mojawapo, alicheka: "Kijana wangu, huyu hana miguu?"

Ana haki kuuliza. Mpigaji hukaa kwenye kigoda kifupi, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye mti wa chombo. Nyuzi ni nane, lakini mdundo unatoka mguuni. Anayejifunza akiwa Mombasa au Japani bila kuuona mguu huo anapata nusu wimbo.

Kwa hiyo wiki hii tumetumia simu mbili: moja usawa wa nyuzi, nyingine chini kabisa, imeegemezwa kwenye tofali, inatazama pete tu. Kabla ya kila wimbo napiga kofi moja. Wakati wa kuhariri natafuta kofi hilo kwenye sauti zote mbili, nazilinganisha hapo, na picha zinakwenda pamoja. Sauti ya simu ya chini naizima, maana njuga za mguuni, gara, zinafunika kila kitu.

Sauti nahifadhi kwa WAV, yaani bila kuibana, 48 kHz, biti 24. Dakika moja ya stereo inakula karibu MB 17, wakati MP3 ya kilobiti 128 ingekula MB 1 hivi. Bando linaumia, lakini faili ikibanwa sana mlio wa pete ndio huanza kuharibika. Faili ndogo ni za kutumiana WhatsApp.

Maelezo ndiyo yanayokula muda. Mpigaji wa nyatiti huimba akimtaja mwenye boma, ukoo wake, na wanaojigamba kwa pakruok, yaani majisifu ya katikati ya wimbo. Naandika nani kapiga, wapi, shughuli gani, nani katajwa. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alirekodi Kenya miaka ya 1950, na kanda zake ziko Afrika Kusini, kwenye maktaba aliyoianzisha mwaka 1954. Rekodi ya namna hiyo bila jina la kijiji ingerudishwa kwa nani?

Nyimbo za sherehe zimeshapanda mtandaoni. Rekodi ya matanga bado iko kwenye diski. Mzee ameniambia nimwone mama mwenye boma kwanza, kwa kuwa marehemu ametajwa mpaka madeni yake. Naenda Jumamosi, akikataa, haitapanda.