Corolla DX (KE70): gia tano zimekaa, mtetemo wa kilomita 80 umekoma

Hatimaye. DX inakata barabara ya kuambaa msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Gede na Matsangoni, kwa gia ya tano, na kioo cha nyuma kimetulia tuli. Kutoa giaboksi ya gia nne (K40) na kuingiza ya gia tano (K50) hakukuwa na shida. Shida ilikuwa mtetemo uliozuka baada ya hapo: unaanza kilomita 75 kwa saa, unakolea 80, unafifia ukikaribia 90. Ndio uliokula muda wote.

Giaboksi kwanza, kwa ufupi. Injini ni 4K, na K50 inakaa juu yake bila kubuni chochote. Gia nne za kwanza ni zilezile za K40: 3.789, 2.220, 1.435, 1.000. Kinachoongezeka ni ya tano, 0.865. Kwa difu ya 4.1 (propela, bomba linalotoka giaboksi kwenda difu, huzunguka mara 4.1 kila gurudumu likizunguka mara moja) na tairi za 155/80 R13, kilomita 100 kwa saa kwa gia ya nne ni mizunguko kama 3,760 kwa dakika. Ya tano inaishusha hadi 3,250. Hiyo ndiyo faida yote, na kwa safari ya Mombasa masikio yanaisikia.

Wapo wanaosema bora T50, giaboksi ya gia tano ya AE86 (Corolla ya spoti). Kwa nini? Ya tano yake ni 0.861, tofauti huioni kwenye dashibodi wala kwenye petroli. T50 ni ngumu zaidi, hilo halina ubishi, lakini nguvu za 4K haziivunji K50 iliyo nzima, na T50 itakudai nyumba nyingine ya klachi. Ukiweka injini ya 4A (ya AE86), hapo tuzungumze. Giaboksi ya LiteAce nayo iacheni: dereva wa gari lile anakalia injini, kwa hiyo mkono wa gia uko mahali pengine kabisa.

Oili ya giaboksi ni ya daraja la GL-4. Muuzaji akikupa GL-5 akasema ni kali zaidi, mwachie. Dawa zake nyingi haziziheshimu pete za shaba za sinkro (zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana). Na huku pwani kila bolti ya chuma inayoingia kwenye alumini ipakwe grisi ya kuzuia kugandana, la sivyo chumvi itaiunganisha na giaboksi na siku ya kufungua utatoka na uzi wote.

Sasa mtetemo. Propela ilibidi ikatwe, kwa sababu mkia wa giaboksi mpya haukuishia pale pa zamani. Kipimo cha kukata kichukuliwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si juu ya jeki, na yoki ya mbele (uma unaoingia kwenye mkia wa giaboksi) ibakiwe na nafasi ya milimita 20 hadi 25 ya kuingia ndani. Ikibana, kila tuta litagonga beringi ya mkia.

Kila aliyeiona alisema balansi. Balansi ikafanywa, mtetemo ukabaki. Ndipo hesabu ikaingia. Kwenye kilomita 80 gurudumu linazunguka mara 12 kwa sekunde, propela mara 50. Propela isiyo na balansi hutetemesha mara moja kwa kila mzunguko, yaani 50 Hz (mara 50 kwa sekunde). Krosi (viungo vinavyopinda kwenye ncha za propela) zinazofanya kazi kwa pembe zisizolingana hutetemesha mara mbili kwa mzunguko, yaani 100 Hz. Tairi mbovu ni 12. Programu ya bure ya simu inayochora masafa ya mtetemo, simu ikibanwa kwa tepu ya karatasi juu ya sakafu karibu na mkono wa gia, inatosha kutenganisha hayo matatu. Siioni haja ya mashine ya bei.

Lakini jihadharini, gia ya nne inadanganya. Ni moja kwa moja, injini na propela vinazunguka sawa, na injini ya silinda nne nayo hutetemeka mara mbili kwa kila mzunguko wake. Kwenye kilomita 80 injini inatoa 100 Hz na krosi zinatoa 100 Hz. Mchoro hauwezi kukwambia nani ni nani. Pimeni kwa gia ya tano. Injini inashuka hadi mizunguko 2,600, mtetemo wake unahamia 87 Hz, wa propela unabaki palepale. Mlima wa 100 Hz kwenye mchoro ulibaki umesimama peke yake, na wa 50 mdogo kabisa. Balansi haikuwa na hatia.

Pembe zikapimwa kwa kipima pembe cha dijitali chenye sumaku (hiki kinunuliwe, cha simu kinayumba). Mkia wa giaboksi umeinama digrii 2.8, propela 4.0, pua ya difu imeinuka 1.6. Krosi ya mbele basi inafanya kazi kwa 1.2, ya nyuma kwa 2.4. Zinatakiwa zikaribiane, tofauti isifike digrii moja. Corolla ya zamani zaidi, KE30, yenye springi za majani ungepachika kabari chini ya ekseli ukaenda zako. KE70 sedani ina koili na mikono minne, pua ya difu haigeuki bila kutengeneza mikono mingine. Kwa hiyo inachezewa mbele: chuma cha milimita 10 kati ya krosimemba (boriti inayobeba giaboksi) na raba ya giaboksi, si kati ya krosimemba na bodi, hapo utaishusha badala ya kuipandisha. Mkia ukapanda, giaboksi ikasoma 2.1, propela 4.5. Mbele 2.4, nyuma 2.9. Angalieni mkono wa gia usiguse tundu la sakafu baada ya hapo.

Mtetemo ukapungua, haukwisha. Mlima wa 100 ukawa nusu, na nusu hiyo ilikuwa inaudhi kuliko mwanzo.

Kilichobaki kilikuwa kwenye uchomeleaji. Yoki mbili za bomba la propela lazima zilale kwenye mstari mmoja, ili krosi ya nyuma ifute kile cha mbele. Propela ilipokatwa na kuchomelewa, ile ya nyuma ilipindishwa digrii 6. Kwa macho huioni. Lazeni propela mezani, pitisheni chuma kilichonyooka kwenye matundu ya krosi ya yoki moja, kisawazisheni, kisha pimeni ya pili. Fundi yeyote achore mstari mrefu juu ya bomba kabla ya kukata, na asipochora, mkataeni. Ilikatwa tena, ikapangwa, ikachomelewa alama nne kwanza, ikapimwa upinde kwa daial geji katikati ya bomba (usipite milimita 0.8), ndipo ikafungwa mshono na kurudi kwenye balansi. Kwa gia ya tano, 80, mlima wa 100 haupo.

Ratiba ilisema sasa ni pete ya sinkro ya gia ya pili, inayokwaruza kidogo asubuhi. Itasubiri, kwa sababu imepatikana difu ya kuvunjwa inayosemwa ni 3.909. Kuthibitisha bila kufungua: funga upande mmoja, zungusha wa pili mara 20, hesabu mizunguko ya flenji (sahani ya difu inayofungiwa propela). Ikifika 41 ni ileile ya 4.1; ikifika 39 na kitu kidogo, ndiyo. Kwa 3.909 gia ya tano kwenye kilomita 100 inashuka hadi mizunguko 3,100, ila spidomita itasoma pungufu kwa karibu asilimia 5 mpaka kipinioni chake (gia ndogo inayoizungusha) kwenye mkia wa giaboksi kibadilishwe. Mwenye vipinioni vya K50 vya meno mbalimbali aniambie ana vya meno mangapi, na bei.