Kilomita moja na nusu kwa saa tatu: kumbukumbu ya safari zetu za msituni

Nilianza daftari hili nikiwa na mpango mmoja: safari kumi na mbili za msituni na wanangu wawili, moja kila baada ya wiki mbili, tukizunguka njia ile ile ya kilomita 4. Mkubwa alikuwa na miaka mitano, mdogo miwili na nusu. Leo tumemaliza ya tisa. Karibu kila nililopanga mwanzoni nimelifuta, na nayaandika hapa kwa ajili ya mzazi mwenye watoto wa rika hili, asije akarudia makosa yangu.

Safari ya 1. Tulipanga kilomita 4, tukatembea 1.3.

Nilipiga hesabu ya watu wazima. Mtu mzima hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa, basi watoto nusu yake, kwa hiyo saa mbili zatosha. Hesabu hiyo ilikufa ndani ya mita 200 za mwanzo, pale mdogo alipokutana na dimbwi. Nilimvuta mkono mara tatu. Mara ya nne alikaa chini matopeni akagoma kabisa. Huku mkubwa, aliyekuwa ametangulia, anauliza kila dakika kama tumefika, nami namjibu "bado kidogo". Jibu hilo ndilo ninalolijutia zaidi. Nilikuwa nawafundisha kwamba hapa tulipo si kitu, kilicho na maana kiko huko mbele. Tulirudi mdogo akiwa mgongoni, mkubwa analia, nami nimechoka kuliko wote wawili.

Safari ya 2. Mvua ilitukuta nusu ya njia. Mvua yenyewe haikuwa taabu, waliifurahia. Taabu ilikuwa kurudi na nguo mbichi, mdogo akitetemeka. Tangu hapo seti nzima ya nguo kavu, pamoja na soksi, hubaki ikitusubiri mahali tunapoanzia.

Safari ya 3. Gogo.

Mita kama 600 kutoka mwanzo wa njia kuna mti mkubwa ulioanguka zamani. Safari mbili za kwanza tulilipita tu. Mara hii mkubwa alimwona jongoo akiingia chini ya gome, na hatukuondoka pale kwa dakika arobaini. Tulihesabu miguu: jongoo ana jozi mbili za miguu karibu katika kila pingili, tandu ana jozi moja. Tofauti hiyo mtoto wa miaka mitano anaiona kwa macho yake, hasa akiwa na lenzi ya kukuzia. Tena ni tofauti inayomfaa kuijua, kwa sababu jongoo hujikunja akatulia, ilhali tandu huuma.

Hapo ndipo tulipoweka sheria ya kufunua. Kipande cha gogo au jiwe hufunuliwa na mtu mzima, na huvutwa kuelekea kwake, ili chochote kinachotoka kitokee upande wa pili na kile kipande kibaki kama ngao. Watoto hukaa nyuma yangu. Tukimaliza kutazama tunakirudisha taratibu kama tulivyokikuta, maana unyevu ulio chini yake ndio nyumba ya hao wadudu. Mdogo ameishika sehemu hii ya mwisho kuliko sote. Asipoona kimerudishwa vizuri, haondoki.

Usiku ule nilifuta safu ya kilomita kwenye ukurasa wa mpango, nikaandika saa. Gogo likawa ndiko tuendako.

Safari ya 4 na ya 5. Hizi naziandika pamoja, maana zilikuwa za kurekebisha mizigo na mavazi.

Mizigo imepungua. Maji, kitu cha kutafuna, lenzi, kibano, bandeji, filimbi mbili, mbeleko ya mdogo, basi. Midoli niliyobeba safari ya kwanza haikuguswa hata mara moja.

Mavazi nimeyakazania zaidi, kwa sababu ya kupe. Suruali ndefu, ncha zake zimechomekwa ndani ya soksi, viatu vya kufunika mguu mzima. Tukifika nyumbani, kabla ya kitu kingine chochote, nawakagua: nyuma ya masikio, kwenye mizizi ya nywele, makwapani, kitovuni, kwenye kinena, nyuma ya magoti. Safari ya 5 nilimkuta mmoja nyuma ya goti la mkubwa. Nilimshika kwa kibano karibu kabisa na ngozi, nikamvuta moja kwa moja juu bila kumzungusha, kisha nikaosha mahali pale kwa sabuni. Watu husema mpake mafuta au mchome kwa moto. Usifanye hivyo, unapoteza muda huku kupe bado ameshika, na unaweza kumuunguza mtoto. Niliandika tarehe na mahali alipomuuma, ili homa au vipele vikitokea wiki zinazofuata, daktari apate maelezo kamili. Havikutokea.

Kuhusu uyoga tuna kauli moja, na mdogo huisema kabla yangu: tunatazama, hatuonji. Kuna uyoga wa kuua unaofanana sana na ule unaoliwa, na sitaki mwanangu aanze kujifunza kuutofautisha akiwa na miaka mitano. Anachohitaji kujua kwa sasa ni kwamba hakuna kinachotoka msituni kikaingia mdomoni.

Safari ya 6. Sitaisahau.

Niliinama kumfunga mdogo kamba ya kiatu. Nilipoinua uso, mkubwa hayupo. Dakika mbili, labda tatu. Alikuwa hatua ishirini tu, nyuma ya kichaka, akimfuata kipepeo. Lakini miti hufunika mtu haraka, na sauti yangu niliisikia inaishia majanini.

Wiki mbili zilizofuata nilisoma juu ya watoto wanaopotea msituni. Huko California, mwaka 1981, ulianzishwa mpango wa kuwafundisha watoto kukumbatia mti, baada ya mvulana mmoja kupotea mlimani na kupatikana akiwa amekufa. Fundisho lake ni jepesi: ukigundua umepotea, simama hapo hapo, chagua mti mmoja, kaa nao. Anayetafutwa akitulia mahali pamoja hupatikana upesi kuliko anayezidi kutembea. Jambo lililonigusa zaidi ni hili: watoto wengine huwasikia wanaowatafuta wakanyamaza, kwa kuogopa watu wasiowajua au kuogopa kugombezwa. Kwa hiyo nilimkalisha mkubwa nikamwambia kwa uzito wote: ukipotea, sitakukasirikia. Anayeita jina lako, mwitikie.

Sasa kila mmoja ana filimbi shingoni, na ishara ni kupuliza mara tatu, kupumzika, kisha mara tatu tena. Tunaifanyia mazoezi kama mchezo. Mdogo huukumbatia mti wake kwa mikono yote miwili, shavu kwenye gome. Pia nawapiga picha kwa simu kabla ya kuingia, ili nikiulizwa walivaa nini nisianze kukisia, na wote wawili huvaa rangi kali inayoonekana mbali.

Safari ya 7. Tulijaribu mchezo wa masikio: tunakaa kwenye gogo, tunafumba macho dakika moja, na kila sauti mpya unainua kidole. Mkubwa alifika sita. Mdogo alifumba jicho moja, akapata tatu: ndege, upepo na tumbo langu. Wajapani wana neno la kukaa msituni namna hii, shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, lililobuniwa mwaka 1982 na idara yao ya misitu ili kuwavuta watu waende kupumzika mitini. Napenda lugha iliyoona kwamba jambo hili linastahili jina lake.

Kisha mawingu yakakusanyika. Kati ya mwako na ngurumo nilihesabu sekunde 24, na kila sekunde 3 ni karibu kilomita moja. Zikipungua 30 hakuna mjadala, tunatoka kwenda kwenye jengo au gari lililofungwa, na hatujibanzi chini ya mti mrefu. Nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho tayari tulikuwa nyumbani.

Safari ya 8. Mdogo alikuwa na mafua, nikaenda na mkubwa peke yake. Kilomita 3.5! Alizungumza njia nzima, mengi yakiwa mambo ambayo hajawahi kunisimulia nyumbani. Nimeamua kwamba katika kila safari nne, moja iwe ya mtoto mmoja mmoja.

Safari ya 9, leo. Saa tatu, kilomita 1.5 kwenda na kurudi, pamoja na vituo vyote.

Gogo limebadilika. Upande wa chini umeota uyoga mdogo mweupe, safu kwa safu, kama vibaraza. Niliwaeleza kwamba ule uyoga ni sehemu tu inayoonekana. Kuvu wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizoenea ndani ya mti, zikiulainisha na kuula. Mdogo alichomeka kidole, mbao ikamegeka kama keki, akatazama kidole chake muda mrefu. Mkubwa akagundua kuvumwani, ule ukoko wa kijivu na kijani kwenye gome, na alipenda kusikia kwamba ni viumbe wawili wanaoishi kama mmoja: kuvu anayetoa nyumba, na mwani anayepika chakula kwa mwanga wa jua.

Tangu safari ya 3 mkubwa amekuwa akilichora gogo kwenye daftari hili. Ana michoro sita sasa. Wa kwanza ni mstari mmoja wa kahawia na jongoo mkubwa kuliko mti. Wa leo una uyoga, kuvumwani, tundu, sisi watatu tumekaa juu, na chini kabisa, kwenye giza alilolipaka kwa penseli nyeusi, ameweka macho mawili. Nilimuuliza ni ya nani. Akasema hajui, ni ya anayekaa pale usiku.

Kwa hiyo safari ya 10 itakuwa ya jioni. Tutaingia saa moja kabla ya jua kuzama, tukae kwenye gogo mpaka giza lianze, na tochi zifunikwe karatasi nyekundu ili mwanga usiwe mkali machoni. Kilichobaki ni usingizi wa mdogo: nitajaribu kumlaza mchana wa siku hiyo, na mbeleko itakuwa tayari kwa kurudi.