Kati ya Malaki na Mathayo

"Mwalimu, Biblia yangu imechanwa."

Binti mmoja aliyasema kwa sauti ya chini, kama anayeungama. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, Wete, Pemba, katika chumba kidogo cha kanisa tulichokitumia kwa kipindi cha dini. Wanafunzi wangu walikuwa kumi na mmoja, wa kidato cha kwanza na cha pili, wote kutoka skuli ambazo darasa zima huwa na Mkristo mmoja au wawili. Nje, majirani walikuwa wameanika karafuu majamvini, na harufu yake ilijaa chumba. Siku chache nyuma, tarehe 2, tulikuwa na Kumbukumbu ya Marehemu Wote, nikataka vijana wajue kwa nini tunawaombea waliokufa. Ndipo nikawaambia wafungue Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12.

Nikamwendea yule binti. Biblia yake ilikuwa kuukuu, jalada jeusi limeshonwa upya kwa uzi mweupe. Alikuwa ameifungua kati ya Malaki na Mathayo, pale Agano la Kale linapoishia na Jipya kuanza, akipapasa mshono kwa ncha ya kidole, anatafuta vipande vya karatasi zilizong'oka. Hapakuwa na kitu. Mshono ulikuwa mzima.

Ilikuwa ile tafsiri ya Muungano ya 1952, yenye vitabu 66. Ya Kikatoliki ina 73, kwa kuwa Agano la Kale lina vitabu 46 badala ya 39: wamo Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo wawili. Hayo nilikuwa nayajua vizuri. Lakini jibu lililonitoka lilikuwa baya. Nilisema, "Hujaichana wewe. Waliichana Waprotestanti."

Darasa likacheka, isipokuwa kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango. Mama yake alikuwa Mwanglikana. Akainamisha uso, nami nikaona nimemuumiza mtoto kwa neno ambalo wala halikuwa kweli. Nikamwomba radhi pale pale, mbele ya wenzake, kisha nikaanza upya. Nikawaeleza kwamba Wayahudi waliosoma Kigiriki walikuwa na vitabu hivyo, na Wakristo wa mwanzo wakavipokea pamoja na vingine. Kwamba Martin Luther, aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti, katika Biblia yake ya 1534, hakuvitupa bali aliviweka peke yake, akasema havilingani na Maandiko Matakatifu ila ni vizuri kuvisoma. Kwamba baadaye kukawa na wachapaji walioviacha kabisa. Kwa hiyo Biblia ya binti yetu haikuwa imeharibika. Ilichapwa hivyo.

Kijana wa mlangoni akanyanyua mkono. "Mwalimu, skuli wenzangu Waislamu wananiambia sisi Wakristo ni watu wa Kitabu. Juzi mmoja akaniuliza, kitabu chenyewe ni kipi, cha 66 au cha 73? Sikuwa na la kumjibu."

Ubaoni nilikuwa nimeandika maana tatu, za Ufunuo, Maandiko Matakatifu na Mapokeo, yaani imani inayopokezwa tangu mitume, nimezipigia mistari, na nilikusudia wazinakili. Nilizitazama nikajua hazitamsaidia mtoto huyu Jumatatu atakapokutana na rafiki yake. Nikashika dasta, nikafuta.

Nikamwambia binti afungue ukurasa wa mbele kabisa, wenye orodha ya vitabu. "Ukurasa huu ameuandika nani? Musa? Paulo?" Wakatazamana. Hakuna kitabu chochote ndani ya Biblia kinachotaja vitabu vyote vya Biblia. Mitume walihubiri Kristo aliyefufuka kwa miaka kama ishirini kabla ya waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, ambao wataalamu wengi huuhesabu kuwa wa zamani kuliko maandishi yote ya Agano Jipya. Miaka hiyo yote watu walibatizwa, wakaumega mkate, wakasali, wakauawa kwa ajili ya imani, na Injili ya Mathayo haijaandikwa. Orodha kamili ya vitabu 27 vya Agano Jipya tulivyonavyo leo tunaikuta kwa Mtakatifu Athanasi, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, na sinodi, yaani mikutano ya maaskofu, za Afrika Kaskazini, Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, zikataja vitabu vya Maagano yote mawili. Kanisa lilivitambua kwa sababu lilikwisha kuipokea imani iliyomo ndani yake.

"Kama sanad," akasema kijana mwingine, ambaye marafiki zake wote walisoma Kurani chuoni kwa maalim. "Fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani."

Nilifurahi, maana neno lenyewe Mapokeo ndilo linalosema hivyo. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba alipokea kwa Bwana kile alichowapa wao, na Wathesalonike anawaambia wayashike mapokeo waliyofundishwa, ama kwa maneno, ama kwa waraka. Hata hivyo sikutaka mfano uwapeleke mbali kuliko unavyofika. Sisi tunachopokezana si habari za Yesu peke yake. Neno la Mungu kwetu ni Yeye mwenyewe, aliyefanyika mwili, na ndani yake Mungu amekwisha kusema yote. Baada yake hatungojei ufunuo mwingine wa watu wote. Ndiyo maana Katekisimu inasema imani ya Kikristo si dini ya kitabu bali ya Neno la Mungu lililo hai. Nikamwambia kijana wa mlangoni ampelekee rafiki yake jibu hilo, kwa adabu.

Nikawasomea pia kidogo kutoka hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, juu ya Ufunuo, ya tarehe 18 Novemba 1965: Maandiko na Mapokeo yanabubujika kutoka chemchemi moja, na ni amana moja, na maaskofu wanaoifundisha hawako juu ya Neno la Mungu, wanalitumikia. Hapo sikukawia, muda ulikuwa umekwenda.

Mmoja akauliza kama matawi ya mnazi tunayobeba Jumapili ya Matawi ni Mapokeo. Swali zuri kuliko alivyodhani. Kuna yaliyotoka kwa mitume, na kuna desturi za mahali zilizozaliwa baadaye, ambazo Kanisa linaweza kuzihifadhi au hata kuziacha. Mnazi ni wetu wa pwani. Kwingine hushika mzeituni.

Basi yule binti, ambaye muda wote alikuwa kimya na Biblia yake mapajani, akasema, "Lakini mwalimu, bibi yangu huwaombea marehemu kila usiku. Na hajui kusoma."

Sikuwa na la kuongeza. Nikamwomba anipeleke kwao.

Tulikwenda jioni ile. Bibi alikuwa ameketi barazani, kibaraghashia cha marehemu mumewe kikining'inia msumarini nyuma yake.

"Hodi! Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele. Amina. Karibu mwanangu."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Keti."

Nikamuuliza nani alimfundisha kuwaombea marehemu. Baba yake, akasema, aliyekuja kutoka Bara kuchuma karafuu. Na baba? Katekista wa kijijini kwao. Na katekista? Bibi akanitazama kama niliyeuliza jambo lisilo na mwisho. "Naye alipewa," akasema. Kisha akaisali, polepole, macho kafumba: *Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie.*

Nikampa binti Biblia yangu, akamsomea. Yuda Makabayo, kiongozi wa Wayahudi vitani, anakwenda kuwazika askari wake waliouawa vitani, anakuta chini ya nguo zao wamevaa hirizi za miungu ya Yamnia. Bibi akaguna, hirizi anazijua. Askari wanaomba dhambi ile ifutwe. Yuda anachangisha drakma elfu mbili za fedha, anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya wafu, kwa kuwa alitumaini watafufuka.

"Kumbe imeandikwa?" Bibi akauliza.

"Imeandikwa, bibi."

Akavuta kiti chake karibu na mjukuu wake. "Hebu rudia, pale penye wafu."