Pango la mzee, urefu wa mita 38 na nusu, chini ya mihogo

Kwanza niseme mie si mwembamba. Mlijue hilo mapema maana ndo lilileta shida zote za Jumamosi ile.

Iko hivi, huku Tanga ukitoka mjini kuelekea Amboni chini kote ni mawe ya chokaa, na maji ya mvua yakipita kwenye udongo yanabeba asidi kidogo, basi yanayala yale mawe taratibu miaka na miaka mpaka panakuwa na matundu. Amboni yenyewe nani haijui, na ile hadithi ya mbwa aliyeingia pale akatokea Kilimanjaro tumeisikia tangu utoto. Walipokuja Wajerumani na Waturuki kupima mwaka 1994 wakakuta mapango 10 na lile refu kuliko yote lina mita 900. Kilimanjaro iko karibu kilomita 300, sasa huyo mbwa sijui alipitia wapi.

Basi kuna mzee, jirani wa mama yangu mkubwa, ana shamba la mihogo na minazi huko, na katikati ya mihogo pana tundu kalifunika kwa makuti na miiba mbuzi wasitumbukie. Anasema linakwenda mpaka baharini. Babu yake ndo alisema. Mie na mwenzangu tukamwomba tulipime, akacheka sana, akaniangalia tumbo, akasema "wewe mwanangu utakwama, nani atakuvuta?"

Tukaenda na futi ya mafundi, dira, protrakta ya shule tuliyofunga uzi na kijiwe cha kupimia mteremko, helmeti, tochi tatu kila mtu, na barakoa kwa sababu mavi ya popo yakikauka yana fangasi wanaoingia mapafuni. Popo wenyewe hatuwagusi. Kule pango la Kitum kwenye Mlima Elgon, Kenya, wameugua Marburg, homa kali ya virusi vinavyobebwa na popo, watu waliokuwa wameingia humo, 1980 na tena 1987, kwahiyo tukaona mchana wapo wachache wadogo tu kwenye kona tukawaacha na usingizi wao. Mzee tukamwambia shikamoo, saa tisa kamili tusipotoka ita watu.

Mlango una upana wa sentimita 45. Unaingia miguu kwanza, maana ukitanguliza kichwa kwenye mteremko halafu ukakwama damu yote inakuja usoni na kurudi nyuma ni kazi kwelikweli. Ndani unalala kifudifudi, mizizi ya mkuyu inakupapasa shingoni, na pale kwenye kituo cha nne cha kupimia nilibidi nitoe pumzi yote ndo kifua kipite, nikapita, nikavuta pumzi upande wa pili nikasikia jiwe limenibana mgongoni na kifuani kwa pamoja. Wallahi niliona aibu kuliko hofu. Mwenzangu alikuwa anacheka tu huko mbele.

Kupima kwenyewe si kugumu kueleza. Mmoja anakaa kituo hiki mwingine kile, mnanyoosha futi, mnasoma dira, mnasoma mteremko, mnachora, mnasogea. Mteremko lazima, kwa sababu mita 3 zinazoshuka kwa digrii 30 kwenye ramani ni mita 2.6 tu, ukisahau hilo pango lako litarefuka lenyewe. Na kila kipimo mnakirudia kwa nyuma. Hapo ndo tulipokamatika: kwenda mbele dira ilisoma 140, kurudi ilitakiwa isome 320 ikasoma 331. Tukagombana robo saa nzima nani hajui kusoma dira, kumbe ni tochi yangu ya kichwani, ina sumaku nyuma, kila nikiinamisha kichwa karibu na dira sindano inanifuata mie. Vituo sita tukavirudia kwa tochi ya plastiki iliyowekwa mbali.

Tulitoka saa nane na nusu tukiwa wekundu kama matofali. Vituo 17, mita 38 na nusu, kina mita 6.

Kesho yake ndo palikuwa patamu. Tulichukua zile namba tukazitembea juu ya shamba, kamba na vijiti, watoto wanatufuata wanahesabu, kijiti cha mwisho kikaangukia hatua mbili kutoka kwenye shimo ambalo mzee alishaanza kuchimba la choo. Nikamwonyesha karatasi. Kwenye mawe haya maji hayachujwi na udongo, yanapita kwenye nyufa kama kwenye bomba, na kisima chake kiko bondeni upande uleule. Alinyamaza muda, akamwita kijana wake, wakafukia siku hiyohiyo. Choo sasa kitakuwa ng'ambo ya nyumba, mbali na kisima.

Lakini la bahari hajalikubali. Akasema nyie mmepima mlipokomea nyie, pango halijakomea hapo. Na kusema kweli mwishoni kule pana ufa wa upana wa kiganja na upepo ulikuwa unatoka, baridi, tena si kidogo. Mie siwezi kupita, mwenzangu naye hawezi. Yule mjukuu wa mzee mwenye miaka tisa anasema yeye anaweza, nimemwambia asithubutu, na mlango tumeufunika upya kwa miiba mingi kuliko mwanzo.